Moto Unaokunywa Maji

Viwanja Sitini, Ifakara
9 Februari 2025

Mkwe wangu Beatus,

Salamu zikufikie huko Mchombe pamoja na mke wako, mwanangu Agnella. Natumaini mmeamka salama na tumbo lake linakua vizuri. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yanaijua mvua kabla ya watangazaji wa redio.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Tangu umuoe Agnella sijawahi kukutazama usoni, wala wewe hujanitazama. Tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kwenye majani. Ndivyo tulivyolelewa sisi tuliotoka upande wa Mahenge, na miaka yangu yote ya kufundisha kemia sekondari haikuniondolea ukwe. Sauti yako ikiingia sikioni mwangu kwa simu ni sawa na kula nawe sahani moja. Karatasi haina sauti, kwa hiyo naandika, na Limbu wa bodaboda ataleta.

Nimesikia habari. Agnella amenieleza, tena kwa fahari, kwamba mume wake ameacha pawatila za watu, yale matrekta madogo ya mkono, zimelala bila kutengenezwa katikati ya msimu wa kulima ili atengeneze injini ya mtumbwi inayotumia unga wa alumini na maji badala ya petroli. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikatafuta kiti nikakaa.

Anasema uliona video kwenye simu. Kumbe siku hizi chuo kikuu kinaingia mfukoni pamoja na ugoro. Mkwe wangu, sikatai kwamba jambo lenyewe lipo. Lipo, na ndilo linalonitia hofu. Ungekuwa unatengeneza injini ya kutumia mkojo wa mbuzi ningecheka nikalala zangu.

Alumini ina uchu wa oksijeni kuliko wewe na pombe ya Jumamosi. Sufuria yako haiwaki kwa sababu imejivika gamba jembamba lisiloonekana, na gamba hilo ndilo linaloikinga na maji unayochemshia chai. Isage iwe laini kama poda ya mtoto, ipe joto la kulipasua gamba lile, kisha iletee mvuke. Itayanyang'anya maji oksijeni yake. Maji tuliyozoea kuzimia moto yanakuwa ndiyo chakula cha moto. Kinachobaki ni gesi ya haidrojeni, nayo inawaka, na joto kali, na moshi mweupe. Ndiyo maana wakubwa wa dunia wanaitafuta kwa ajili ya roketi na vyombo vya chini ya maji, maana huna haja ya kubeba hewa. Lakini wao wana kuta za zege. Wewe una kibanda cha bati na ndala.

Na siku kibanda kikishika moto, jirani mwema atafanya nini? Atachota ndoo ya maji.

Sitaki kukuamuru nyumbani kwako. Nataka mwanangu tu. Uzazi wa kwanza ni kwa mama, hilo unalijua. Mlete Agnella sasa, kisha ubaki huko ujilipue kwa nafasi.

Ni mimi mkweo,
Mama Agnella (Mwalimu Kandida)


Mchombe
17 Februari 2025

Mama mkwe,

Shikamoo. Barua yako Limbu ameifikisha ikiwa kavu. Huku hatujambo. Agnella anakula vizuri, kwa sasa anataka udongo na perege wa kuchoma. Pole sana na magoti.

Barua nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa heshima na ya pili kwa hasira. Unisamehe mama, kalamu haijui kupiga magoti.

Unga siusagi kwenye kinu kama unavyodhani. Ni ule unga wa fedha wanaochanganya kwenye rangi ya mageti na misalaba ya makaburi. Ninyi wa mjini mnapita mnausifu unavyong'aa. Mimi nimeuona unavyowaka.

Halafu hujauliza kwa nini. Mama, msimu uliopita mto ulipojaa, mpunga wa ng'ambo uliota ukiwa ndani ya magunia. Boti zilikuwepo, petroli haikuwepo. Mimi nilikuwa kwenye kingo na spana mkononi, nikitazama mpunga wa watu ukichipua kama uko shambani. Maji yalikuwa yamejaa kila mahali. Nikajiuliza kama hayo maji yenyewe hayawezi kufanya kazi. Wewe unayejua kemia hukujiuliza, nikajiuliza mimi niliyepata F.

Agosti nataka kuipeleka injini hii Morogoro kwenye Nane Nane. Nikiwa fundi wa pawatila unaniita "yule wa grisi". Nikitaka kuwa zaidi ya grisi, naitwa kichaa. Sasa nichague lipi?

Agnella atakuja kwako mwezi wake wa mwisho ukifika, kama mila inavyosema. Kabla ya hapo ni mke wangu na yuko nyumbani kwake.

Wako mtiifu,
Mkweo Beatus


Viwanja Sitini
24 Februari 2025

Mkwe wangu,

Nashukuru kwa salamu, na nashukuru kwamba Agnella anakula. Udongo apunguze, perege aongeze.

Nani amekwambia nakuita "yule wa grisi"? Nilisema mara moja tu, tena siku ya harusi, tena kwa sauti ndogo. Shangazi zako wana masikio ya popo.

Unasema kalamu haijui kupiga magoti. Ni kweli, na kichwa chako hakijui kufikiri, basi mmekutana wawili mnaofaana. Habari ya mpunga wa ng'ambo imenigusa, sitakudanganya. Lakini mtu mwenye huruma na mpunga angeanza kwa kumhurumia mwanamke mwenye mimba anayelala hatua chache kutoka kwenye kibanda chenye unga ule. Mpunga ukiota unaupanda tena. Agnella sina wa pili.

Nane Nane hawatoi zawadi kwa majivu ya mtu. Mlete mwanangu.

Mkweo,
Mama Agnella


Mchombe
22 Machi 2025

Mama mkwe,

Shikamoo, na habari za mvua. Huku imeanza kwa nguvu na barabara ya Mlimba inateleza, lakini sote tuko salama. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa na kazi, si kwa kiburi. Kiburi kilikuwepo kidogo.

Mama, umekwenda! Mtumbwi wa Nazari mvuvi, niliomba aniazime, umeondoka kwenye kingo mpaka katikati ya mto bila kasia na bila tone la petroli. Ulitoa moshi mweupe na kelele kama mashine ya kukoboa. Watu walijaa. Waliokuwa wakinicheka walicheka tena, lakini mara hii kwa furaha. Agnella alipiga vigelegele mpaka akashika kiuno.

Kisha bomba likaziba. Mtumbwi ukazunguka, ukatuingiza kwenye matete, na Nazari akapoteza ndoano zake, na maneno aliyoniambia siwezi kukuandikia wewe. Ndani ya bomba nimekuta kitu cheupe kigumu. Nimekigonga kwa patasi, patasi ikapinda.

Sikuulizi kitu, mama. Naeleza tu.

Mkweo Beatus


Viwanja Sitini
30 Machi 2025

Mkwe wangu,

Amani iwe nawe na nyumba yako. Hapa mvua imebomoa choo cha jirani, mimi sijambo.

Wewe huulizi, basi nami sijibu. Naongea peke yangu, kama wafanyavyo wazee.

Hicho cheupe ni alumini iliyokwisha kushiba oksijeni. Ni kitu kilekile wanachopaka kwenye msasa, ndiyo maana patasi yako imepiga saluti. Kinatoka kwenye moto kikiwa kimeyeyuka, kinagusa bomba lililopoa, kinaganda. Kila aliyewahi kuhangaika na moto huu duniani amepigana na uchafu huo, na wengi wao walikuwa na viatu. Umetengeneza injini inayojimiminia simiti kooni mwake yenyewe. Nakupongeza. Mtumbwi uliokufikisha kwenye matete ungeweza kukufikisha hapohapo kwa kuukata kamba tu.

Sasa acha mzaha wangu, nisikilize. Masika imeingia. Unga huo ukipata unyevu kidogo kidogo hauungui mara moja. Unapata joto polepole na kutoa gesi, na gesi ikifungiwa inatafuta njia yake. Uutoe hapo nyumbani. Upeleke mbali, mahali pasipo mtu. Usiusifu, usiuonee huruma, usiubakize hata wa kikombe kimoja kwa ajili ya Nane Nane.

Na Agnella aje. Hii ni mara ya tatu naandika sentensi hiyo, na sipendi kurudia somo.

Mkweo,
Mama Agnella


Mchombe
8 Aprili 2025

Mama mkwe,

Shikamoo. Hali zetu ni nzuri kiasi. Miguu ya Agnella imevimba, nesi wa zahanati amesema alale zaidi, kwa hiyo mchana wote yuko kitandani. Barabara imekatika sehemu mbili, ni pikipiki tu zinazopenya, na pikipiki si kitu cha kumpandisha sasa. Mvua ikipungua nitamleta mwenyewe, nimekubali. Umeshinda hilo.

Na ushauri wako juu ya unyevu nimeufuata, mama, ili usiseme nimepuuza. Kumwaga unga wote sikuweza. Ni kazi ya mwaka mzima ile. Lakini nimeuhifadhi kwa njia yetu wakulima, ambayo sidhani kama iko kwenye vitabu vyako. Nimefanya kama marehemu mama yangu alivyotunza maharage na mbegu za mpunga. Nimeuchanganya na majivu makavu ya migomba, maana majivu hunywa unyevu wote, nikashindilia kwenye ndoo ya rangi, nikafunika, nikaziba mfuniko kwa nta kuzunguka. Jasho haliingii wala mdudu.

Kibanda kinavuja, kwa hiyo ndoo nimeiweka chini ya kitanda chetu. Ndipo mahali pakavu kuliko pote hapa nyumbani.

Jana nimegusa mfuniko nikaona una uvuguvugu. Nimejua majivu yanafanya kazi.

Agnella anakusalimu sana, anasema mtoto anapiga teke upande wa kulia.

Mkweo Beatus


Mchombe, kwa mjomba Hermenegildi
15 Aprili 2025

Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini pikipiki ya Limbu iliwafikisha Ifakara salama, ikienda polepole kama ulivyomwamuru, na Agnella amepumzika. Mimi nina malengelenge mgongoni, yanapona.

Barua yangu iliyopita hukuijibu. Ulikuja mwenyewe.

Naandika yaliyotokea kwa sababu mjomba amenitaka niyaseme mbele ya wazee na nimeshindwa kufungua mdomo. Nilikuwa nimetoka kuoga, nimejifunga shuka. Agnella alikuwa kitandani. Nikasikia pikipiki ya Limbu, kisha sauti ambayo tangu nioe sijaisikia karibu hivyo: "Agnella, toka nje!" Mama mkwe yuko uani kwangu. Nikafanya kile ambacho mwanaume yeyote aliyelelewa angefanya. Nikajificha. Nikajibana kati ya kabati la nguo na kitanda, nikazuia pumzi.

Nilisikia ukimtoa Agnella. Nikajisemea, sasa ataondoka naye, nami nitatoka. Ndoo ilikuwa inalia kama birika. Niliiona ikivimba, nta inatoka mapovu. Na bado sikutoka, mama, kwa sababu ulikuwa umesimama mlangoni na mimi nina shuka tu.

Ndipo ukaingia chumbani kwangu. Ukanishika mkono ukanivuta. Shuka likabaki kwenye msumari wa kabati.

Tulikuwa tumefika kwenye migomba mfuniko ulipotoboa bati. Chumba kikajaa mwanga mweupe, siwezi kuueleza. Nazari alikuja mbio na ndoo ya maji, ukampokonya, ukaimwaga chini, ukamwita jina ambalo sikujua kwamba walimu wanalijua. Ukawaamuru watu warushe mchanga mkavu kutoka chini ya ghala. Chumba kimekwisha. Upande wa jiko umebaki.

Kijijini hawasemi nyumba ya Beatus imeungua. Wanasema mama mkwe amemtoa mkwe wake uchi. Wanasema hivyo kisimani, wanasema hivyo mashineni, na jana katekista amenipa pole huku anang'ata midomo.

Mjomba anasema ukwe umevunjika, na aliyeuvunja ndiye anayeutengeneza. Jogoo mweupe na jembe jipya vije kwake, kisha wewe na mimi tule pamoja mezani mbele yake. Kabla ya hapo siruhusiwi kukanyaga kwako, hata mtoto akizaliwa. Na mimi nitalishika hilo, mama. Katika vitu nilivyokuwa navyo ndicho kimebaki bila kuungua.

Asante nimejaribu kuiandika mara nyingi. Kila mara inatoka kama tusi. Niiache.

Mkweo Beatus


Viwanja Sitini
20 Aprili 2025

Mkwe wangu,

Pole na mgongo. Agnella yuko hapa, uvimbe umepungua, analala chumba cha mbele.

Nianze na majivu, kwa sababu yameninyima usingizi kuliko mvua. Majivu ya mgomba, mkwe wangu, ni magadi. Ndiyo waliyokuwa wakichuja bibi zetu kwa kulainishia mboga. Na magadi ndiyo yanayoliyeyusha lile gamba la alumini. Katika bonde zima la Kilombero, kutoka Mlimba hadi hapa, ulitafuta kitu kimoja cha kuivua alumini nguo, ukakipata, ukakichanganya kwa mikono yako, ukafunga kwa nta, ukakiweka chini ya mke wako mwenye mimba. Unyevu kidogo tu wa masika ukamaliza kazi. Mtu angekulipa ufanye uovu huo usingeuweza. Umeuweza kwa kutunza.

Nilipofika kwenye neno "uvuguvugu" niliacha uji jikoni ukaungua. Nilimpigia Agnella simu haikupatikana, nikapanda pikipiki ya Limbu.

Sasa hilo la aibu. Nilichokiona sikukitazama, na kama nilikitazama hakikuwa kipya. Nimesimamia bweni la wavulana wa sekondari miaka mingi. Wewe ulikuwa tayari kuungua mzimamzima nyuma ya kabati kwa sababu ya heshima yangu! Heshima gani hiyo? Ningekwenda kumwambia nini binti yangu, kwamba mumeo amekufa kwa adabu?

Nitengeneze? Nimekosa nini? Nilimtoa mtu motoni. Nikileta jogoo nitakuwa nimesema kwamba ilikuwa vibaya kukushika mkono, na ingekuwa vizuri kukuacha. Mwambie mjomba wako akitaka jogoo afuge.

Agnella harudi mpaka pawe na nyumba isiyo na unga. Nimepata nilichokuwa nakiomba tangu Februari, na nakaa nacho kwa raha kabisa.

Mkweo,
Mama Agnella


Viwanja Sitini
26 Mei 2025

Mkwe wangu,

Natumaini mgongo umepona na unakula vizuri huko kwa mjomba wako. Sisi tuko salama, tena tumeongezeka. Ni mtoto wa kike, amezaliwa juzi, mama na mtoto wazima. Limbu alikuletea habari kwa mdomo. Ameniambia uliinamisha kichwa, ukasema "Mungu ashukuriwe," ukarudi kwenye pawatila ya mtu.

Barua yangu ya Aprili uliisoma ukaikunja, hukujibu. Kunyamaza ni dharau, Beatus, na katika ukoo huu mwenye kudharau ni mimi.

Agnella hataki kumpa mtoto jina. Anasema jina hutoka kwa baba, na baba yuko Mchombe anasubiri jogoo. Nimemwambia baba ni mpumbavu. Amenijibu, "Ni kweli mama, lakini ni wa kwangu," kisha akageukia ukutani. Kliniki wameandika "Mtoto wa Agnella". Kila nikiiona kadi ile naigeuza.

Nimekwisha kukueleza msimamo wangu. Sijakosa, na sijachafuka, wala sitatengeneza kitu ambacho sikukivunja.

Jibu, hata kwa matusi.

Mkweo,
Mama Agnella


Viwanja Sitini
14 Juni 2025

Beatus,

Habari za huko. Mvua zimekwisha na mavuno yanaanza, nadhani pawatila zinakuamsha mapema. Mtoto anaongezeka uzito. Ana masikio yako, maskini. Akili nimejaribu kumpima, bado ni mapema.

Hukujibu. Vizuri. Jana nimeingia chumba cha mbele nikamkuta Agnella anasoma barua zako ulizoniandikia mimi. Zote, kuanzia ya kwanza. Alikuwa anasoma ile ya mtumbwi, huku machozi yanamdondokea mtoto kichwani, bila sauti, kwa adabu, kama alivyofundishwa. Nilimlea hivyo mwenyewe. Nikarudi nyuma, nikaufunga mlango polepole.

Nilimtaka binti yangu awe hai, awe hapa. Yuko hai, yuko hapa, na hana furaha, na mimi ndiye mlinzi wake wa gereza. Inaniuma. Naandika hilo mara moja na nakuomba usinikumbushe.

Kwa hiyo Limbu amebeba jogoo mweupe na jembe jipya. Mpe mjomba Hermenegildi. Mwambie Mwalimu Kandida ametengeneza. Usimwambie kwamba amekiri kosa, kwa sababu hajakiri, na kesho nikikukuta nyuma ya kabati nitakuvuta tena, shuka au pasipo shuka.

Njoo na mjomba wako Jumapili, tarehe ishirini na mbili, baada ya misa ya pili. Tutakaa meza moja, tutakula kuku mmoja, na majani ya kujifichia njiani tutawaachia mbuzi.

Bomba lako nimelifikiria. Nina wazo kwa nini linaziba pale linapoziba, na nina wazo jingine, kubwa zaidi, juu ya mtu anayefanyia mambo hayo kwenye kibanda. Lakini sitaandika. Nimekudharau kwa barua tangu Februari na karatasi hainitoshi tena. Njoo nikudharau uso kwa uso, mtoto akisikia, ajifunze mapema.

Mama Agnella


Getini kwako
Jumapili, 22 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Tumefika salama, mimi na mjomba. Yeye yuko kwa jirani anakunywa maji. Mimi niko hapa tangu misa ya kwanza.

Nimeshika geti mara kadhaa, mkono unakataa. Nimefundishwa kukukimbia. Kukukaribia sijui mtu anaanzaje. Ndiyo maana nimemtuma Limbu aingie na karatasi hii.

Chumba nimeshakiezeka. Kuna kitanda cha watu wazima na cha mtoto, na chini yake hakuna kitu, unaweza kuja kuinama uangalie. Injini sijaiacha. Tutagombana juu ya hilo ukiwa umeshiba.

Mtoto ataitwa Kandida. Nataka nyumbani kwangu awepo Kandida mmoja ambaye ninaruhusiwa kumgombeza.

Nasikia analia huko ndani. Fungua, mama, kabla sijakimbia.

Mwanao,
Beatus